Bwana Nakashige na Kopo Lililozuia Mlango

Bwana Wesley Nakashige anastaafu Ijumaa hii, tarehe 14 Novemba 2025, baada ya kutumikia kituo chetu cha kukagua moshi wa magari cha Visalia kwa miaka thelathini na moja. Alianza kazi mwaka 1994 akiwa na tochi moja na kioo kidogo chenye mpini mrefu, kile cha kuchungulia chini ya injini. Tochi amebadilisha mara nyingi. Kioo ni kilekile.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu mimi, Hortensia Zaragoza wa mapokezi, ndiye niliyekaa naye muda mrefu kuliko wote waliobaki. Miaka ishirini na mbili. Shule yangu si ndefu, lakini mwanangu Eleazar amesoma kwa wawili, na wengi wenu mnajua kwamba Jumatatu anaanza kazi hapahapa, kwenye nafasi hiyohiyo anayoiacha Bwana Nakashige. Alikuwa wa kwanza kwenye mtihani. Sisemi kwa kujisifu. Karatasi ya matokeo ipo kwenye droo yangu, anayetaka aje aione.

Kwa wageni wetu watakaosoma: hapa ndipo yanapoletwa magari ya zamani yaliyovishwa injini nyingine. Gari la mwaka 1975 kurudi nyuma halituhusu. Kuanzia 1976, ukitoa injini ukaweka nyingine, lazima mwamuzi wetu, yaani mkaguzi, aikague kwa macho. Injini isiwe kuukuu kuliko gari lenyewe, na ije na kila kifaa chake cha kupunguza moshi, kama bibi harusi anayehama na masanduku yake yote. Ikikamilika, mwamuzi anabandika lebo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Bila lebo, gari lako ni pambo la uani.

Watu wamejaribu kila hila kwa Bwana Nakashige. Kuna bwana aliyeapa gari lake ni la mwaka 1975, na makaratasi yanasema 1976. "Lilizaliwa mwishoni mwa Desemba, mzee," akasema, "makaratasi ndiyo yaliyochelewa." Bwana Nakashige akamjibu, "Basi lipe pole. Limekosa msamaha kwa wiki moja." Mwingine alifunga chini ya gari kopo la maziwa ya mtoto, amelipaka rangi ya fedha, eti ndicho kisafisha moshi. Bwana Nakashige aliligonga kwa kidole, akatega sikio. "Hili bado linalia njaa," akasema, akaandika.

Hajawahi kumwambia mtu "umeshindwa." Husema "bado." Anakupa karatasi yenye orodha ya kinachokosekana, na hapo kazi yake imekwisha; hakufundishi pa kununua wala namna ya kufunga. Watu walimtukana kwa ajili ya karatasi hizo, na waliomtukana walirudi baada ya mwezi na gari zima, wakapiga naye picha. Mimi niliwapa viti, kalamu, maji baridi, na nikawasikiliza walipokuwa bado wanatukana. Hakuna aliyepiga picha na mimi.

Niliseme kabisa, maana wote mnalijua: nimemwonea wivu huyu mtu. Kila Novemba alileta masanduku ya machenza kutoka shambani kwao, na nyote mliyakimbilia kama mlioshinda njaa. Kila Desemba nilileta tamale, mikate ya mahindi yenye nyama ya nguruwe ndani, nimezikeshea jikoni siku mbili na dada zangu, nanyi mlisema, "Asante, Hortensia, tamu sana. Machenza yamebaki?" Sikuwahi kuonja chenza lake hata moja. Nilisema yananipa kiungulia.

Lakini huo ulikuwa wivu mdogo. Mkubwa ulianza Februari 2019.

Baba yangu, marehemu Macario, alituachia pikapu yake ya chini, El Camino ya mwaka 1978, rangi ya divai. Injini yake ilikuwa imekufa kabla yake. Eleazar, akiwa na miaka ishirini na minne, alitafuta injini ya mwaka 2004 kutoka pikapu ndogo iliyogongwa nyuma, akaifunga mwenyewe gerejini kwetu kwa miezi saba. Mume wangu hakushika hata spana. Injini iliwaka mara ya kwanza, ikanguruma taratibu kama mtu aliyeshiba. Mimi tangu siku ile nilimwambia kila aliyesimama mbele ya meza yangu: mwanangu analeta gari, litapita mara moja, na nyinyi mtakuja kujifunza.

Akalileta Jumanne, tarehe 12. Kwa kuwa mimi ni wa hapa, msimamizi wetu alisimama pembeni kuhakikisha hakuna upendeleo. Angejua kwamba Bwana Nakashige hata mama yake mzazi angempimia moshi, asingejisumbua. Bwana Nakashige alizunguka gari kwa saa nzima na kioo chake. Kisha akampa Eleazar karatasi yenye mstari mmoja tu.

"Bado," alisema. "Kopo la mkaa halipo."

"Nilikuwa nalo, Bwana Nakashige," Eleazar akasema. "Nililitoa kwenye lile gari bovu kwa mikono yangu. Nikaliweka rafuni gerejini. Nilipolihitaji, halipo. Nimepekua kila mahali."

"Kopo gani hilo?" nikauliza kutoka mezani kwangu, nikiwa tayari kumtetea.

Bwana Nakashige alinifungulia kitabu chake, akanionyesha picha. Kopo jeusi la plastiki, kubwa kama mkate, lenye midomo mitatu ya mipira. Ndani mna mkaa unaonasa mvuke wa petroli usitoroke tangini. Nikaitazama picha. Kisha nikautazama mlango wa mapokezi.

Ndugu zangu, mlango ule mnaujua. Ukiuachia, unajipiga. Novemba iliyotangulia nilisafisha gereji yetu, nikakuta rafuni dude jeusi limejaa vumbi, nikaona linafaa. Nikalifuta vizuri, nikalileta kazini, nikalisimamisha chini ya mlango. Miezi mitatu lilizuia mlango wa kituo cha kukagua moshi, na wakaguzi wote, na wateja wote, na mimi mwenyewe, tulipita juu yake. Hata Eleazar siku ile aliliruka alipoingia.

Walipotoka kwenda kuliangalia gari tena, nililivuta kwa mguu, nikalificha chini ya meza nyuma ya pipa la karatasi.

Mtaniuliza kwa nini sikusema palepale. Nilikuwa nimejisifu mno. Na kulikuwa na jambo la pili. Tangu mchana ule Eleazar alianza kuja kituoni kila siku saa sita, wala si kunisalimia mimi. Alikaa kwenye benchi la nje na Bwana Nakashige, wakimenya machenza, wakizungumza habari za mivuke na mabomba. Alimwita "mwalimu." Mimi niliyemzaa, niliyempuliza kifuani akiwa mdogo kwa pumu ya hewa ya bonde hili letu, linalokaa na moshi kama sufuria yenye kifuniko, mimi alinipungia mkono dirishani. Nikawaza: nikisema leo, nitakuwa mama aliyeharibu, na yule atakuwa mwalimu aliyegundua. Nikanyamaza siku kumi.

Mlango ulijipiga siku zote kumi.

"Bi Hortensia, mlango una hasira wiki hii," Bwana Nakashige alisema.

"Upepo, Bwana."

"Upepo wa Februari ni mkali," akasema, na wala hapakuwa na upepo.

Eleazar alizunguka yadi tano za magari mabovu. Kopo aliloagiza kwa posta lilifika limepasuka. Kibali chake cha muda cha kuliendesha gari kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi. Alhamisi ile, tarehe 21, dirisha langu lilikuwa wazi, nikawasikia pale benchini.

"Kuna mtu wa Bakersfield anakuja Jumamosi na trela, mwalimu. Namuuzia."

"Gari la babu yako?"

"Si habari ya gari. Fundi anayepoteza kifaa ndani ya gereji ya nyumbani kwao ni fundi gani? Nitarudi kupakia zabibu na baba. Kazi hii si ya mikono yangu."

Mimi nilikuwa nimeshika kalamu ya mteja na nikasahau kumpa. Gari la baba yangu lilikuwa linaondoka kwa trela, hilo moja. Mwanangu alikuwa anajivua kazi yake kwa kosa lisilo lake, hilo la pili. Na la tatu, Mungu anisamehe, ndilo lililonichoma kwanza: alimwambia yeye kabla ya kuniambia mimi.

Ijumaa nilifika mapema. Nililitoa kopo chini ya meza, nikalisimamisha mahali pake, mlango ukatulia. Nilidhani kopo litajisemea lenyewe.

Bwana Nakashige aliingia, akasimama. Akachuchumaa na miaka yake, akawasha tochi ingawa jua lilikuwa limejaa chumba kizima, akapitisha kioo nyuma ya kopo na kusoma namba. Mimi nilijifanya kupanga fomu. Nilizipanga kichwa chini.

"Mlango umepoa," alisema.

"Umepoa, Bwana."

Aliniangalia kidogo tu, akaenda kumpigia Eleazar simu. Kijana alipofika, mzee alimsimamisha pale kizingitini. "Tazama mlango wetu," akamwambia.

Eleazar alitazama. Akapiga magoti, akaligeuza, akakuta alama ya rangi aliyoiweka yeye mwenyewe. "Hili ni langu! Nani kalileta hapa?"

"Mimi nakagua magari, sikagui milango," Bwana Nakashige akasema. "Lakini limekaa hapa tangu Novemba, na mimi nimelipita kila asubuhi. Nalipwa kuona. Macho yangu yamekosa, Eleazar, na naomba radhi. Wewe hukupoteza kitu."

Eleazar alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamkumbatia yule mzee kwa nguvu hata kioo kikaanguka. Mimi nilipata, "Mama, umeona!" na mlango ukajipiga nyuma yake. Alikuwa ameondoka na kopo lake.

Mtu wa Bakersfield alirudishwa na trela lake tupu. Jumanne tarehe 26 gari lilipita, lebo ikabandikwa, na abiria wa kwanza aliyezungushwa mtaani katika gari la baba yangu alikuwa Bwana Nakashige, mkono dirishani kama mtawala. Mimi nilizungushwa Jumapili, baada ya misa. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kwa ajili ya miguu yake.

Jumatano ile Bwana Nakashige alileta jiwe kutoka shambani kwao, akaliweka chini ya mlango. Lipo mpaka leo.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niichukue kazi hii ya kuandika, ingawa nilijifanya nimelazimishwa. Mwezi uliopita, Eleazar alipohojiwa kwa nafasi hii, waliuliza ni nani aliyemfundisha kazi. Msimamizi alinisimulia jibu lake kwa furaha, akidhani nitafurahi. Alisema hivi: "Siku moja niliona mtu mzima, mjuzi kuliko wote hapa, akikiri kosa lake mbele yangu bila kulazimishwa. Siku ile nilijua nataka kuwa mkaguzi wa namna gani."

Sikulala. Maana kosa lile lilikuwa langu! Nilimwonea wivu kwa machenza, kwa picha na wateja, kwa neno "mwalimu," kwa kile kiti. Lakini sikuwahi kumwonea wivu kama nilivyomwonea kwa lawama yangu mwenyewe, aliyoibeba miaka sita bila kuniuliza kitu, na mwanangu akampenda kwa hiyo. Wala hakusema uongo. Alisema yake, akaniachia yangu niiseme nitakapokuwa tayari.

Kwa hiyo Eleazar, mwanangu, utakayeyasoma haya siku ileile na wenzako wote: ni mama yako aliyelitoa kopo rafuni, na ni mama yako aliyelificha siku kumi baada ya kujua. Bwana Nakashige anaondoka na vyote alivyovipata kwetu kwa haki, na ni vingi. Hiki kimoja, lawama yangu, naomba anirudishie. Jumatatu ukija kazini, pita mezani kwangu kwanza, kabla ya kushika tochi. Una ruhusa ya kuninunia mpaka saa sita.

Bwana Nakashige, asante kwa miaka thelathini na moja, na kwa hewa ambayo watoto wa bonde hili wamevuta bila kujua jina lako. Asante kwa kila "bado." Asante kwa mwanangu. Sanduku lako la mwisho la machenza liko hapa mezani ninapoandika, na nimekula moja, nimejificha stoo. Ni tamu. Limenikera sana. Nimekula na la pili.

Nenda salama kwa miti yako, ulale mpaka jua likutoe kitandani, afya isikupungukie. Na ukitukumbuka, rudi. Mlango unazuiwa na jiwe lako, na safari hii najua ni mali ya nani.