Mbegu Namba Saba na Wastani Ambao Hatukuuona Shambani

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa Mbegu uliyesafiri kutoka Nairobi, Bwana Chifu, Mwenyekiti wa wakulima, wazee wetu, mama zetu, na wote mliofika na matope miguuni:

Sisi wapimaji wa mavuno wa Skimu ya Mpunga ya Kadundo, huku nyuma ya Ahero, tumesimama mbele yako leo tarehe 12 Machi 1994 kwa furaha, na pia kwa wasiwasi ambao hatukuweza kuuacha nyumbani.

KARIBU

Karibu Kadundo. Utusamehe kwa barabara, na kwa viti hivi; vimeazimwa kanisani, na viwili kati yavyo havina miguu ya kuaminika.

Mgeni rasmi, risala tuliyopeleka ofisini Alhamisi ilikuwa ya ukurasa mmoja, na ilikushukuru kwa mbegu namba saba ambayo umekuja kuizindua kwa wakulima wote. Hii ninayoisoma siyo ile. Tunaomba usikasirike mpaka tuimalize.

TULIKOTOKA

Tuko watano. Gordon Oduor hushika mizani. Jentrix Nelima na Nabututu hupima mashamba kwa kamba na kushona magunia. Elsie Akoth, ndiye mimi ninayesoma, huita namba kwa sauti. Wa tano ni Laban Wakhisi, karani, ambaye huziandika.

Risala hii inamhusu Laban zaidi kuliko sisi. Amekaa benchi la mwisho pale, mwenye shati la kijani. Alikubali tuyaseme yote, ila kuyasoma mwenyewe kulimshinda.

Laban alitoka upande wa Bungoma mwaka 1986, akakata miwa Muhoroni misimu mitatu, kisha akaja kwetu na cheti chake cha kidato cha nne chenye alama nzuri ya hesabu. Anapenda namba kama watu wengine wanavyopenda mpira. Mwandiko wake ni mdogo, na tangu tumjue hajawahi kufuta kitu kitabuni.

MAFANIKIO

Julai 1992 ofisi ilileta mbegu namba saba kwa majaribio. Mashamba arobaini na manane yaliingia: ishirini na manne yakapanda mbegu mpya, ishirini na manne yakabaki na mbegu yetu ya zamani. Januari iliyofuata tulipima kila shamba na hatukuruka hata moja, japo Nabututu alikuwa na malaria na Gordon alipima siku mbili akiwa amefunga kitambaa kwenye bega lililoteguka.

Laban alijumlisha, akagawanya. Mbegu mpya: wastani wa magunia ishirini na mawili kwa ekari. Mbegu ya zamani: kumi na saba. Tofauti ya magunia matano! Ofisi ikaandika kutupongeza, Laban akapewa cheti, na ikatangazwa kwamba tukishakamilisha karatasi, Kadundo yote itapanda namba saba na mbegu ya zamani haitapokelewa tena stoo.

Mafanikio yetu, mgeni rasmi, yanaishia hapo.

MATATIZO

Wiki moja baada ya tangazo, Mama Dorca Apiyo alikuja ofisini kwa Laban. Shamba lake liko mkiani mwa mfereji, mahali ambapo maji hufika yakiwa yamechoka. Yeye alipanda namba saba akapata magunia tisa.

"Laban, nyathina, mwanangu, mnasema mbegu hii inaleta ishirini na mbili. Ni shamba la nani?"

"Hiyo ni wastani, Mama."

"Sawa. Hiyo wastani iko shamba la nani? Nipeleke nikaione."

Laban alicheka. Alituambia baadaye kwamba alicheka kwa sababu alidhani mama huyu hajasoma. Alipoondoka, akafungua kitabu amtafutie shamba la magunia ishirini na mawili, amwonyeshe yaishe. Hakulipata. Kulikuwa na mashamba ya ishirini na manne, ishirini na matano, ishirini na saba. Kulikuwa na ya kumi na matano, kumi na mawili, tisa. Katikati, kuanzia kumi na manane hadi ishirini na mawili, hapakuwa na shamba hata moja.

Kuanzia siku hiyo kicheko kilimwisha. Aliwaandikia barua wataalamu wawili kuuliza kama hesabu yake ilikuwa sahihi, na ndipo mambo yalipovurugika kabisa.

Mtaalamu wa kwanza alijibu: wastani hauaminiki mavuno yakitawanyika hivyo; yapange mavuno kuanzia dogo hadi kubwa, uchukue lililo katikati. Laban akafanya. Tofauti ikawa magunia tisa! Mbegu mpya ikazidi kung'aa.

Mtaalamu wa pili alijibu: hapana, mlinganishe jirani na jirani, wanaogawana tuta moja na maji mamoja, mmoja wa mbegu mpya na mmoja wa zamani. Laban akazunguka na daftari, akapata jozi tisa tu. Katika jozi nne mpya ilishinda. Katika nne ilishindwa. Katika moja walitoka sare kwa gunia.

Tano, tisa, sufuri. Tulikaa sote watano kwenye stoo tukiziangalia hizo namba tatu, na tunakiri mbele yako kwamba hatukuelewa. Gordon aligonga mizani kwa kiganja, akasema, "Mizani ni moja. Magunia ni yale yale. Mimi ndiye nilibeba. Sasa ukweli ni upi?"

Jentrix alisema tuchukue zile hesabu mbili zinazokubaliana kwamba mpya ni nzuri, maana wengi wape. Nabututu akasema wataalamu wote wawili wamesoma kuliko sisi, hatuna haki ya kuchagua. Laban alikonda mpaka Mama Dorca mwenyewe akamletea kuku, akidhani ni mgonjwa.

Jumamosi iliyopita alikwenda Mamboleo kumwona Mwalimu Waliaula, aliyemfundisha hesabu shuleni na ambaye siku hizi anauza spea za baiskeli pale njia panda. Alimwekea kitabu juu ya meza, katikati ya minyororo na matairi.

"Mwalimu, niambie hesabu ya kufanya. Wastani, ya katikati, au jozi?"

Mwalimu alifungua kurasa chache, akafunga. "Kabla sijakujibu, Laban. Mbegu mliigawaje?"

"Imeandikwa kwa kura."

"Nimeona imeandikwa. Nauliza mliigawaje."

Mteja aliingia akauliza bei ya pedali, akajibiwa, akatoka. Kisha Laban akaanza kusema, na aliyomwambia Mwalimu ndiyo aliyokuja kutuambia sisi Jumatatu wiki hii.

Siku ya kugawa mbegu mvua ilinyesha. Lori lilikwama kwenye geti la pili la mfereji, na dereva alitaka kurudi Kisumu kabla barabara haijakatika. Vijikaratasi vya kura vilikuwa mfukoni mwa Laban, vimeshalowa. Akawagawia wenye mashamba ya karibu, walioko kichwani mwa mfereji, mifuko kumi na saba. Mifuko saba iliyobaki ilichukuliwa na watu wa mkiani waliotembea wenyewe kwenye mvua wakajitwika, na Mama Dorca alikuwa mmoja wao. Jioni fomu ikauliza: mbegu ziligawiwa kwa njia gani? Laban akaandika: kura. Alidhani ni neno tu la kujaza nafasi.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, tulipolinganisha mbegu mpya na ya zamani, kwa sehemu kubwa tulilinganisha walio karibu na maji na walio mbali. Wastani haukujua hilo. Namba ya katikati haikujua hilo. Hata wataalamu hawakujua, kwa sababu karani wetu aliwaambia uongo wa neno moja.

Gordon alipandwa na hasira. "Ukisema hayo tutafutwa sote! Una mke Bungoma, mimi nina watoto sita hapa."

"Najua," Laban alisema. "Lakini wakipanda wote, na watu wa mkiani wakapata tisa tisa, nitawaangalia vipi?"

Tulibishana wiki nzima. Jana tulipiga kura, ya kweli hii, na watu wanne walisema tusome. Wa tano hatutamtaja, naye amekuja kukaa nasi.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba uzinduzi uahirishwe msimu mmoja, na mbegu ya zamani isiondolewe stoo.

Pili, jaribio lirudiwe, jirani na jirani, kwenye kila geti kuanzia kichwani hadi mkiani, na sarafu irushwe mbele ya wenye mashamba kuamua nani anapanda ipi.

Tatu, hesabu itakayotumika ichaguliwe na kuandikwa sasa, kabla ya mpunga kuota, ili mavuno yakija tusianze tena kutafuta hesabu inayotupendeza.

Nne, Laban. Kama ni lazima aondolewe, hatuna la kubisha. Tunaomba tu usije kutuletea karani ambaye hajawahi kukosea, maana huyo hatutajua anaficha nini.

Usije ukadhani tunaikataa namba saba. Huenda ni nzuri sana. Huenda ni mbaya. Hilo ndilo linalotusumbua: tumepima magunia yote hayo na bado hatujui, na hakuna fomu iliyowahi kutuachia nafasi ya kuandika hivyo.

Asubuhi ya leo, kabla hujafika, Laban alikwenda kuwaambia wakulima mwenyewe, wakiwa wamesimama kando ya mfereji. Hakuna aliyepiga kelele. Kisha Mama Dorca akauliza, "Sasa, mbegu ni nzuri au mbaya?"

"Sijui, Mama."

"Miaka kumi na mbili nakuja ofisi hiyo," Mama Dorca akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniambia hivyo." Akamgeukia jirani yake, mzee ambaye hawajasalimiana tangu wagombanie tuta, akamwambia, "Leta sarafu. Mimi na wewe tunaanza."

Mpaka tunapanda jukwaa hili, majirani thelathini na wanane wamejiandikisha wawili wawili. Orodha yao ndiyo hii ninayokukabidhi pamoja na risala.

Mungu akurudishe salama kwa watu wako, ayape maji yetu nguvu ya kufika mkiani, na akupe moyo wa kutusikiliza hata pale tusipokuwa na jibu.

Ni sisi,
Wapimaji wa Mavuno, Skimu ya Mpunga ya Kadundo