Historia ya Marehemu Noa Mhina, Fundi wa Pembea ya Chumbageni

Wapendwa katika Bwana, na ndugu zetu Waislamu wa Chumbageni mliokuja kusimama nasi juani hali mmefunga, familia inawaomba radhi kwanza, maana tuliwatangazia kwamba ibada itaanza saa nne, na sasa saa sita imekwisha kupita, tunawaona mnavyohama kutoka ukuta huu kwenda ule mkifuata kivuli, na mchungaji naye ameangalia saa yake zaidi ya mara moja. Sababu ya kuchelewa ipo, wala si ya aibu, nanyi mtaisikia mahali pake, kwa kuwa haieleweki mpaka aeleweke kwanza mtu tunayemzika.

Marehemu Noa Mhina alizaliwa mapema mwaka 1904 katika kijiji kimoja chini ya msitu wa Amani, akiwa mtoto wa pili wa mzee Elia Mhina na mama Ruthi. Siku yenyewe haikuandikwa, lakini kitabu cha misheni kinaonyesha kwamba alibatizwa Jumapili tarehe 14 Februari 1904, na mama, aliyetuzaa na sisi wadogo zake, alizoea kusema kwamba alipelekwa kubatizwa kitovu hakijakauka, kwa sababu alikuwa mtoto wa kulia na kujinyonganyonga, na bibi yake aliogopa kwamba mtoto asiyetulia hivyo hana mpango wa kukaa duniani.

Alianza shule ya misheni mwaka 1912 akasoma madarasa manne, mpaka vita vilipofika milimani mwaka 1916, walimu wakaondoka, baba akachukuliwa kubeba mizigo ya askari, akarudi baada ya miaka miwili na kifua kibovu, hivyo marehemu hakurudi darasani tena. Hata hivyo aliweza kusoma Neno la Mungu bila kufuata kwa kidole, na aliandika hesabu za mbao kwa mwandiko ulionyooka kuliko wa wengi waliosoma zaidi yake.

Mwaka 1921 alishuka Sigi kufanya kazi ya kupasua magogo, na huko akawekwa chini ya mzee mmoja Mbondei aliyeitwa Safari, ambaye hakuwa na maneno mengi ila alikuwa na nyundo ya mti na sikio. Mzee Safari alimfundisha kugonga ubao na kuusikiliza, kwamba ulio mzima hutoa sauti safi, na wenye ufa au mdudu hutoa sauti iliyokwama, kama ya mtu mwenye mafua, na marehemu alikaa naye miaka minane akijifunza jambo hilo moja. Tarehe 3 Juni 1929 aliingia Tanga mjini, akaajiriwa katika karakana ya mbao karibu na bandari, nako ndiko alikofanya kazi mpaka mwili ulipomkatalia.

Jumamosi tarehe 11 Oktoba 1930 alifunga ndoa takatifu na Bertha binti Timotheo, ambaye leo ameketi hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Ruthi aliyezaliwa mwaka 1932, Timotheo aliyezaliwa mwaka 1934, na Bibiana aliyezaliwa mwaka 1938. Walipata nyumba hapa Chumbageni, ukuta kwa ukuta na majirani Waislamu, wakaishi wakipelekeana futari na maandazi ya Krismasi, na hapo ndipo ilipoanzia habari ya pembea.

Mwaka huo wa 1938 Mzee Uweso Mselem, ambaye wengi mnamfahamu kwa biashara yake ya nazi, alitaka kuwajengea watoto wa mtaa pembea ya kuzunguka ya sikukuu, akamwendea marehemu. Marehemu akaijenga kwa mvule tupu, nguzo mbili, mhimili mmoja, na masanduku manne ya kukalia watoto wawili wawili, yaliyoshikwa kwa misumari ya mti bila chuma, na wanaume wanne wakaizungusha kwa mikono. Ilisimamishwa uwanjani mara mbili kwa mwaka, Idi Ndogo na Idi Kubwa, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kulazwa ghalani, na kila iliposimamishwa tena marehemu hakuruhusu mtoto aguse mpaka aipime kwa namna tatu. Kwanza alipakia magunia ya mchanga na kuizungusha mara arobaini, pili aliiacha ilale imesimama usiku mmoja ili mti ukae sawa, halafu akagonga kila ungio asubuhi, na tatu alipanda mwenyewe, mtu mzima amejikunja magoti yakimgusa kidevu, na watoto walingojea jambo hilo kuliko Idi yenyewe. Kwa miaka kumi na mitano hakuanguka mtu.

Familia ilijiuliza kama yanayofuata yasomwe mbele ya watu, na mama Bertha akasema yasomwe, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuyaficha hata siku moja.

Mwaka 1953 marehemu alihesabu Ramadhani kuwa siku thelathini, kama Mkristo anayesoma kalenda ya ukutani, akapanga kugonga Jumamosi ili Idi iwe Jumapili. Mwezi ukaonekana Ijumaa jioni, tarehe 12 Juni, siku ya ishirini na tisa, na Jumamosi kulipopambazuka watoto walikuwa wamejaa uwanjani na nguo zao mpya, ngoma inalia, Mzee Uweso anambembeleza, na vijana wanamtania kwamba Noa wa kwanza alimaliza safina nzima yeye anashindwa pembea. Aligonga sanduku la kwanza likalia vizuri, la pili likalia vizuri, la tatu vilevile, na la nne hakuligonga, akajiambia kwamba limetoka katika gogo moja na wenzake. Wala hakupanda mwenyewe.

Saa tatu asubuhi sanduku la nne lilifyatuka upande mmoja likiwa juu, na mtoto Sabiha, binti wa miaka minane wa Bwana Haji na Bi Asmahani, akaanguka na kuvunjika nyonga. Marehemu alimbeba mikononi mpaka hospitali, akakaa nje ya mlango siku mbili bila kula, mtoto akapona kwa rehema ya Mungu, lakini mguu wake ulibaki mfupi, na mpaka leo anachechemea.

Wazee walimwambia kwamba ni amri ya Mungu, na Mzee Uweso akamwambia hivyo, na mchungaji wa wakati ule pia, na kwa wote alikuwa na jibu moja, ambalo sisi nyumbani tulilisikia mpaka likatuchosha.

"Mungu hakuniambia niruke la nne."

Alikwenda kuomba msamaha kwa wazazi, na Bwana Haji akamsamehe siku ileile, akampa mkono na kumkaribisha kahawa, ila Bi Asmahani alizungumza akiwa nyuma ya pazia, akasema, "Mume wangu amekusamehe, Fundi. Basi nenda kakae na msamaha wake." Akarudi mwezi uliofuata, na uliofuata, na pazia halikufunguliwa.

Tangu hapo marehemu hakupata utulivu, na aliyeishi naye atawaambieni kwamba usingizi wake ulikuwa wa vipande. Aliondoka mezani chakula kikiwa nusu akaenda kugonga bawaba, aliinuka kanisani katikati ya wimbo akabonyeza benchi la mbele, na akitembelea mtu hakuketi kabla ya kukigonga kiti miguu yote minne, hata pakawa na mzaha hapa mtaani kwamba Fundi Noa akija mpe mkeka, kiti kitawachelewesha. Katika arusi ya Ruthi, Septemba 1954, aligonga meza ya maharusi mbele ya wageni wote, Ruthi akalia kwa aibu, naye akamwomba radhi kisha akaumalizia mguu wa nne.

Pembea ililala ghalani Idi tatu mfululizo, watoto wakawa wanakwenda kuichungulia kwenye nyufa za mlango, mpaka Mzee Uweso alipomwambia marehemu kwamba ama aifufue ama aipasue kuni. Marehemu alikataa mara mbili, ya tatu akakubali, kwa sharti kwamba pembea iwe tayari kabla ya mwezi ishirini na tisa, ili mwezi usimkute tena. Jumamosi tarehe 21 Mei 1955 alikuwa peke yake uwanjani akigonga, nyundo imemponyoka mara mbili, alipoona mwanamke wa buibui amesimama karibu na nguzo, naye alikuwa Bi Asmahani.

Hakumsalimu, alisema tu, "Gonga tena."

Akagonga tena. Akamwambia limelia vizuri, naye akajibu kwamba yeye hakusikia, akasogea, akaweka kiganja chake juu ya mti, akataka ligongwe akiwa ameushika. Waliendelea hivyo mpaka adhuhuri, sanduku kwa sanduku, ungio kwa ungio, watu wakakusanyika, na mwanamume mmoja akamwuliza Bi Asmahani kwa kejeli kama hii ni pembea au ni mgonjwa.

"Wewe una watoto wangapi?" Bi Asmahani akamwuliza.

"Watatu."

"Basi nyamaza, tugonge."

Walipomaliza la nne marehemu alimwuliza, mbele ya watu wote, kama sasa amemsamehe, naye Bi Asmahani akafunga buibui lake vizuri na kusema, "Tutaona Idi ijayo." Idi iliyofuata alikuja tena, akamgongesha tena, akaulizwa tena, na jibu likawa lilelile, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Idi nane, mpaka Idi Kubwa ya Juni 1958. Mama Bertha anasema kwamba siku za Bi Asmahani kuja uwanjani ndizo pekee ambazo marehemu alirudi nyumbani akala sahani nzima na kulala mpaka alfajiri. Katika Idi hizo nane hakuanguka mtu, na jambo la namna hiyo halina shahada wala picha ya kuonyesha, maana hakuna mtoto awezaye kusimama hapa akasema, mimi ndiye ambaye ningeanguka.

Marehemu alianza kuugua mwezi Novemba 1958, kifua kilichojaa vumbi la mbao la miaka mingi, akalazwa hospitali ya mjini tangu tarehe 8 Januari hadi tarehe 20 Februari mwaka huu wa 1959, kisha madaktari wakaturuhusu tumlete nyumbani kwa kuwa lililobaki lilikuwa la Mungu. Hakulala kwa utulivu hata hapo, vidole vyake viligonga ubao wa kitanda usiku na mchana, na mwezi wa Ramadhani ulipoandama alimwuliza mama Bertha kila asubuhi siku ngapi zimebaki, akahesabu, akaona kwamba hatafika.

Jumatatu tarehe 16 Machi alimtuma mama Bertha kwa Bi Asmahani kumwuliza nani atagonga Idi hii. Mama alikwenda, akamkuta anachambua mchele wa futari, akampa ujumbe, na Bi Asmahani akasema, "Mwambie nitagonga mimi." Mama aliporudi na kumwambia, marehemu aligeuza uso kutoka ukutani.

"Na la nne?"

Jibu la hilo mama hakutumwa nalo, na marehemu akafariki dunia kesho yake, Jumanne tarehe 17 Machi 1959, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili.

Familia inatoa shukrani kwa madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka naye, ingawa aliwagongea vitanda vyote vya wodi, kwa mchungaji na wazee wa kanisa, kwa Mzee Uweso Mselem aliyetoa ghala lake watu wapate mahali pa kulala, kwa majirani waliotupikia hali wao wenyewe hawali mchana huu, na kwa mafundi wenzake wa karakana, ambao walikesha wakilichonga jeneza hili kwa mvule na kulifunga kwa misumari ya mti, kama yeye alivyopenda, bila kuombwa.

Sasa tuseme sababu ya kuchelewa. Jeneza lilifika saa tatu likiwa tupu, likawekwa uani, na marehemu akiwa bado chumbani, Bi Asmahani aliingia pamoja na Sabiha, wakatoa mkono wa pole kwa mama Bertha, kisha akaomba nyundo ya marehemu. Mama akampa. Aligonga pembe ya kwanza kiganja chake kikiwa juu ya mti, akagonga ya pili, akagonga ya tatu, akagonga ya nne, halafu akarudia ya nne, akawaita mafundi wasikilize, nao wakasikia sauti iliyokwama, na hawakukasirika. Ilibidi msumari wa pembe ile uchomolewe, mwingine uchongwe na kukaushwa, ungio lifungwe upya, na muda wote huo Bi Asmahani alikaa chini karibu na jeneza, juani, na saumu yake, akakataa mkeka, mpaka kazi ilipokwisha. Akagonga tena, akamshikisha na Sabiha, wakasikiliza pamoja.

"Sasa mlazeni," akasema, akairudisha nyundo mkononi mwa mama.

Kaka yetu, Fundi Noa, hukupata jibu ukiwa hai, basi lipokee sasa, la nne limegongwa. Usiinuke tena. Pumzika kwa amani.