Kiti cha Lamont

Katika basi la barabara ya Woodward, Detroit, Marva alikuwa amepakata mfuko wake wa viazi akisikiliza ya watu. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja mfupi alikuwa akimweleza mzee asiyemjua habari za gari lake.

"Challenger nyekundu, kaka yangu. Ukiiona utadhani ni ya enzi za ujana wetu, kumbe mpya kabisa. Marehemu mume wangu, Lamont, aliinunua ili tuje kuringa nayo hapa Woodward siku ya gwaride la magari. Gwaride lenyewe ni kesho."

"Na wewe umepanda basi!" mzee akacheka. "Dada, hiyo ni dhambi."

"Lamont alikuwa mrefu kama mlingoti. Miguu yangu haifiki kwenye breki, na kiti sikisogezi. Pale ndipo alipokaa mara ya mwisho."

Marva aliuinamia mfuko wake wa viazi ili asikie vizuri.

Mzee alishusha sauti. "Sura ya kizamani isikudanganye. Kama kiti ni cha umeme, tazama mlangoni, kuna vitufe vya kukumbuka mkao. Kabla hujakigusa, hifadhi mkao wake namba moja. Wako uweke namba mbili."

"Wacha wee! Na nikibonyeza moja kwa bahati mbaya?"

"Kiti kitarudi nyuma kumpisha."

Basi lilisimama. Yule mama alishuka bila kuaga, akikitazama kidole gumba chake kana kwamba tayari kiko juu ya namba moja.