Plasta ya Dawa na Benchi la Juu: Maisha ya Urho Leppäkoski (1941–2019)

Urho Leppäkoski alizaliwa tarehe 14 Februari 1941, nje kidogo ya Rautalampi, ndani ya sauna ya nyumbani kwao, kibanda cha kuogea kwa mvuke wa maji yanayomwagwa juu ya mawe ya moto, kama walivyozaliwa wengi wa rika lake, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine chenye joto na maji ya moto ya kutosha. Alikuwa mtoto wa pili wa Bwana Oskari na Bi Hilja. Alipenda kujigamba kwamba alilijua benchi la juu, lile lenye joto kali kuliko yote saunani, kabla hajajua kukaa. Utoto wake ulinukia utomvu wa msonobari, ambao Bi Hilja aliuchemsha pamoja na siagi, akaupaka kwenye kitambaa na kukibandika juu ya kila jipu pale kijijini.

“Usikibandue, we mtoto! Kiache kifanye kazi yake!” alimfokea.

Urho alibandua kila mara, apate kuchungulia dawa imefika wapi.

Alisoma shule ya kijijini, akivuka ziwa lililoganda kwa ski, mbao za kutelezea thelujini, wakati wa baridi, kisha sekondari ya Suonenjoki. Mwaka 1960 alijiunga na Chuo Kikuu cha Helsinki kusomea ufamasia, akahitimu mwaka 1965. Kuhusu jiji hilo alisimulia jambo moja tu: kwamba zamu yake ya sauna ilikuwa Jumatano, si Jumamosi kama kwao, na kwamba Jumatano si siku ya sauna.

Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha plasta za kubandika vidonda mjini Kuopio, ambacho sasa hakipo. Kazi yake ilikuwa gundi: ishike bila kuchuna ngozi. Aliijaribu mikononi mwake mwenyewe, na kiangazi hicho akaenda dansi kando ya ziwa akiwa na alama nyekundu za mraba hadi kwenye viwiko. Mwalimu mmoja kijana, Kerttu, alimtazama akashtuka.

“Maskini, umeungua?”

“Hapana, nimejibandika.”

“Basi usije ukanibandika na mimi.”

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Juni 1967, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Marjut.

Mwishoni mwa miaka ya sabini kiwanda kilianza kutengeneza plasta yenye dawa ndani yake. Urho alifurahi kama mtoto. Kidonge, alieleza mezani huku kahawa ikipoa, humezwa chote kwa pamoja, tumbo likakipiga, ini likakipunguza, na kinachobaki huja kwa kishindo kisha kikaisha. Plasta ingepenyeza dawa kwenye ngozi polepole, mchana kutwa, na mgonjwa asiwe na cha kukumbuka. Ya kwanza ilikuwa ya wagonjwa wa moyo, na miongoni mwa waliojitolea kuijaribu alikuwa baba mkwe wake, Bwana Arvi. Urho mwenyewe ndiye aliyeandika masharti: pombe marufuku, kazi nzito marufuku. Sauna hakuitaja. Hakuna aliyeitaja kati ya wote waliosoma masharti yale, kwa maana hakuna mtu wa kwetu anayeihesabu sauna kuwa jambo ambalo mtu anaweza kuambiwa asifanye.

Jumamosi tarehe 12 Novemba 1983, Bwana Arvi alipanda benchi la juu na plasta yake kifuani. Joto liliifungulia dawa njia, ikaingia yote kwa pupa, presha ikashuka, naye akaporomoka hadi sakafuni. Walimtoa nje kwenye theluji, akafumbua macho.

“Mkwe wangu,” alisema, “hii plasta yako ina ngumi.”

Wote walicheka isipokuwa Urho. Jumatatu aliwaambia wakubwa wake kwamba plasta haijawa tayari, wakakasirika, naye hakurudi nyuma. Miaka iliyofuata alitafuta plasta isiyojali joto. Alibadilisha utando unaopitisha dawa, akabadilisha gundi, akakaa saunani na vipande mwili mzima hadi Kerttu akamwita godoro la viraka. Hakuipata. “Plasta tumeifuga,” alisema siku ya kustaafu kwake, mwaka 2004, “ngozi ndiyo imekataa kufugwa.” Kilichopatikana ni onyo lililochapwa kwenye boksi kwamba plasta ibanduliwe kabla ya sauna. Lilimsikitisha kidogo, ingawa liliwaokoa wengi.

Baada ya hapo yeye na Kerttu walirudi Rautalampi, nyumbani alikozaliwa Urho. Zilikuwa Jumamosi njema, zenye harufu ya majani ya mti wa mbetula ya kujichapia mwilini na soseji zilizookwa juu ya mawe ya moto. Tunazililia hata sasa.

Machi 2019 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Muuguzi alimbandika plasta ya dawa kali ya maumivu, ya aina ambayo joto likiihimiza, mgonjwa husinzia na asiamke tena. Walijaribu mara moja tu kuibandua tangu asubuhi ili aingie saunani. Maumivu yalimkunja hata yeye mwenyewe akaomba irudishwe. Tangu siku hiyo alikaa chumba cha kubadilishia nguo, amefunikwa blanketi, akizungumza na mkewe kupitia mlango.

“Kerttu, mawe hayalii. Mwaga maji vizuri.”

“Umekuwa mkaguzi sasa? Ingia basi, mzee wangu. Benchi la chini, dakika moja tu. Nani atajua?”

“Ngozi itajua.”

Walicheka wote wawili. Kisha Kerttu alilia humo ndani, na Urho alimsikia.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Ijumaa tarehe 18 Oktoba 2019. Kesho yake Kerttu na Marjut walipasha maji, wakambeba hadi saunani kumwosha kwa desturi ya wazee wetu, mahali pale pale Bi Hilja alipomzalia. Kerttu mwenyewe aliibandua ile plasta, taratibu, asimchune.

“Haya, mzee wangu,” alisema. “Sasa ingia.”

Ameacha mjane, Kerttu. Binti, Marjut, na mumewe Jouko. Wajukuu wawili, Silja na Otso. Na dada yake mkubwa, Lempi. Lala kwa amani, Urho. Jumamosi tutakuachia nafasi benchi la juu.