Dada Desimali na Kiti cha Wodini

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, kifungua mimba wa seremala na mkunga. Jina la Desimali alilipatia jikoni: mama akigawa mkate, yeye anapima vipande kwa rula, na cha kwake kikizidi anakirudisha. Jamani, chai ilikuwa inapoa tukimsubiri!

Aliingia chuo kikuu mwaka 1988 kusomea hisabati, akabaki hapohapo kufundisha. Mwaka 1995 aliolewa na mpiga chapa mpole, aliyekiri mbele ya wakwe kwamba hesabu zilimpiga chenga tangu darasa la nne. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka 2014 hospitali ilimwomba atunge kanuni ya kompyuta ya kupanga nani apate mashine ya kusafisha damu, maana mashine zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Aliifanya kwa moyo wote. Kisha siku moja, koridoni, mzee fundi viatu alimpa simu yake: "Mwanangu, nisomee, miwani nimeisahau." Ujumbe ulisema amekosa nafasi. Kanuni iliyomkosesha ilikuwa ya dada. Alimsomea, akakaa naye mpaka jioni. Nyumbani hakugusa chakula.

Tangu hapo alikomaa na jambo moja, hadi wakubwa wakamwona msumbufu: mgonjwa asiambiwe na simu. Daktari aende, avute kiti, akae, aeleze sababu, aulizwe maswali. "Namba haioni haya," alisema. "Sisi tunaona." Mwishowe walikubali.

Mwaka jana figo zake mwenyewe zilishindwa. Kompyuta ikamweka chini kwenye orodha ya mashine, kwa sababu ya umri na moyo uliochoka. Tulimsihi airekebishe kanuni yake kidogo tu, nani angejua? Akaniambia, "Mdogo wangu, huyo nitakayemsukuma naye ana ndugu." Roho iliniuma, na bado inauma.

Daktari aliyetumwa kwake alikuwa amefundishwa takwimu na dada huyohuyo. Alisimama mlangoni mwa wodi, machozi yakimlengalenga. Dada akamwambia, "Vuta kiti, mwanangu. Kaa, ndipo useme." Alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni mwaka huu, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake wawili.

Dada, tumevuta viti, tumekaa, tumeyasema. Lala sasa.