Profesa Tindikali na Tumbo Lake

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya dawa, Profesa Tindikali anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wasifu huu nimebebeshwa mimi kwa kuwa ofisi yangu inapakana na yake, na kwa kuwa wenzangu waliogopa kuandika ukweli na hawakuweza kuandika uongo. Nitajaribu kupita katikati. Nikiteleza, mnajua nitaangukia upande gani.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye hakulikataa. Alikuja hapa kijana mwembamba mwenye swali moja: dawa za jamii ya mofini, zile kali za kutuliza maumivu, hulifanyia nini tumbo? Swali zuri. Wagonjwa wetu wa ajali na wa saratani huzitumia kila siku, na wana haki ya kujua kama tumbo litamwaga tindikali zaidi au kidogo, na kama litachimbika vidonda. Balaa ni kwamba Profesa alipata jibu mapema mno, akalioa.

Jibu lenyewe lilitoka kwa panya. Aliwadunga mofini kidogo moja kwa moja kwenye ubongo, akawanywesha pombe kali ya kuunguza utando wa tumbo, kisha akawapasua. Tindikali ilikuwa imepungua, na vidonda vilikuwa vichache. Kazi safi, hilo simnyimi. Ana mikono ya fundi saa. Lakini kutoka pale alikimbilia ubaoni akaandika kwa herufi kubwa: MOFINI HULINDA TUMBO. Panya wakasahaulika, ubongo ukasahaulika, ikabaki sentensi. Kila mwaka darasa zima liliinakili na kwenda nayo wodini.

Ghorofa ya pili kuna daktari tunayemwita Mama Kamera, kwa sababu kazi yake ni kuwashushia watu kamera kooni na kuyatazama matumbo yao. Alimweleza Profesa, tena kwa upole, kwamba mambo hayaendi hivyo. Wapo wanyama ambao dawa hizohizo huwaongezea tindikali. Inategemea mnyama, kipimo na njia dawa inayopitia. Halafu dawa hizi huchelewesha chakula tumboni, na baya zaidi, huyaziba maumivu mdomo: kidonda kinakula tumbo huku mwenyewe anapiga mluzi. Profesa alimsikiliza kwa subira ya mtu anayengoja lifti, kisha akatangaza kwamba yule mama ni fundi bomba aliyesoma. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Niseme wazi kilichotukera. Ubishi wa wakubwa wawili haumuui mtu. Lakini wanafunzi wale ndio wanaowaandikia watu dawa leo. Mmoja wao akimpa bibi wa watu mofini pamoja na vidonge vya maumivu ya viungo, ambavyo huchubua tumbo, bila dawa ya kulinda tumbo, eti kwa sababu Profesa alisema, atakayetapika damu ni bibi. Tulimsihi arekebishe somo. Mkuu wa idara naye alimsihi. Ng'o. Kila mara alijibu kwamba bado hajaona ushahidi.

Ushahidi ulikuja kwa miguu yake wenyewe. Mwaka juzi mgongo ulimkamata, akaanza kumeza vidonge vya viungo, vile ambavyo hata muuzaji wa duka la dawa hukuonya usivimeze na njaa. Yeye alivimeza kwa chai kavu. Juu yake akaongeza kodeini, ndugu yake mofini, na kututambia kwamba tumbo lake sasa lina bima. Hebu fikirini. Panya walidungwa ubongoni, yeye anameza! Jaribio alilifanya kwa mikono yake, akasahau dawa aliitia wapi. Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema kwamba atajiroga.

Wiki zikapita tumbo likiwa kimya, naye akauchukua ukimya ule kama pongezi. Mkewe, mwalimu wa hesabu asiye na mzaha, alimwambia amepauka, na choo cheusi kile si cha kawaida. Akamjibu ni mboga za majani. Kisha, katikati ya mhadhara, alipoifikia sentensi yake maarufu, aliporomoka taratibu chini ya ubao na chaki mkononi. Wanafunzi walidhani anaokota kitu.

Aliyemshushia kamera mnamjua. Alikuta kidonda kinavuja damu, akakiziba, akaagiza aongezewe damu, akakaa kando ya kitanda mpaka mapigo ya moyo yalipotulia. Hakumsimanga hata neno. Mimi ningemsimanga. Profesa alipopata nguvu za kusema, alianza na hili: sampuli ya mtu mmoja haithibitishi kitu. Mkewe alitoka nje ya chumba ili asije akammalizia. Na aliporudi kazini, sentensi ilirudi naye.

Sikio la kufa halisikii dawa, tukasema, tukamwacha. Mwezi uliopita alitoa mhadhara wake wa mwisho. Nilikaa nyuma, uso nimeshaukunja tayari. Aliwasha picha moja kubwa ukutani: kidonda chekundu, kinavuja. Akaeleza mgonjwa alimeza nini, na kwa nini hakusikia maumivu. Kisha akaifuta sentensi yake, akaandika nyingine ndefu, mbaya, iliyojaa "inategemea", na kuwataka wainakili. Msichana wa mbele akauliza mgonjwa huyo alikuwa nani. Profesa akajibu kwamba ni panya mmoja mzee, mbishi, aliyedhani yeye ndiye anayeendesha jaribio.

Mama Kamera alikuwa amesimama mlangoni. "Habari za miaka, Profesa," akamwambia. Profesa akamjibu, "Inategemea." Wakacheka wote wawili, na mimi nikajikuta sina tena uso wa kukunja.

Profesa, asante kwa panya wako, kwa mikono yako, na kwa sentensi ile mbaya, ambayo ndiyo bora kuliko zote ulizowahi kutuandikia. Umetuchelewesha, lakini hukuondoka bila kuifuta ile ya kwanza. Nenda ukaupumzishe mgongo. Kula kabla ya kumeza, na mkeo akisema ni cheusi, basi ni cheusi. Tunakutakia uzee mrefu, na tumbo litakalouma pale tu linapokuwa na sababu ya kuuma.