Austin Wepukhulu, Fundi wa Vioo vya Rangi: Kifo Chake Kinaeleweka

Tunayemzika hapa Lang'ata leo, Jumamosi tarehe 9 Mei 1998, ni Austin Wepukhulu. Maandishi yaliyotayarishwa na ndugu zake yalisema kwamba aliaga dunia "katika hali isiyoeleweka". Mkewe Nthenya, ambaye ndiye mimi ninayesoma, alikataa yasomwe. Hali inaeleweka. Leo jioni ukoo unakaa kwangu Kawangware kuamua kama nilimlisha mume wangu sumu. Kabla hawajakaa, sikieni maisha yake kutoka kwa mtu aliyeishi naye. Mimi sikwenda shule, kusoma nilijifunza ngumbaru ukubwani, kwa hivyo mnivumilie nikienda polepole. Sina haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kijijini karibu na Kimilili, wilaya ya Bungoma, kwa Wabukusu. Alikuwa mtoto wa pili wa hayati mzee Wabwire na mama Lenah, aliyeketi pale mbele. Aliyemtangulia ni Wanzala na aliyemfuata ni Mourine. Mama alizoea kutuambia kwamba Austin alipokuwa akitambaa alikifuata kila kitu kinachong'aa. Siku moja alimeza kifungo cha blausi yake ya kanisani, na Mama akaenda ibada mbili na pini kifuani.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Alipenda kuchora, lakini kuchora hakukuwa kwenye mtihani. Karo ya sekondari haikupatikana, akabaki akilima na baba yake.

Mwaka 1974 alimfuata kaka yake Nairobi, wakaishi chumba kimoja Makina, Kibera. Wanzala alimtafutia kazi alipokuwa akifanya yeye, kwa mzee mmoja Mwitaliano aliyekuwa na karakana Industrial Area. Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza na kurekebisha madirisha ya kanisa ya vioo vya rangi. Kwa wasioijua: kioo hukatwa vipande vidogo kufuata mchoro, na vipande hivyo hushikanishwa kwa tepe laini za madini ya risasi zenye mfereji kila upande. Kioo huingia kwenye mfereji, kisha maungio hulehemiwa. Lakini tepe ya risasi haitumiki kabla haijavutwa ikanyooka. Unabana ncha moja kwenye vaisi, kile chuma kinachofungwa mezani, halafu unaivuta ncha ya pili kwa koleo. Hilo la vaisi naomba mlishike.

Mzee huyo alirudi kwao mwaka 1982. Aliwaachia ndugu hawa wawili vyombo vyake: vikata kioo, vyuma vya kulehemia, na vaisi moja. Walifungua kibanda chao karibu na Soko la Toi.

Toi ndipo tulipokutana, mwaka 1983. Nilikuwa nikiuza mitumba ya watoto. Alikuja akachagua sweta ndogo ya sufu, nikamuuliza, "Mtoto ana umri gani?"

"Sina mtoto. Ni ya kupangusia kioo."

"Wewe unanunua sweta nzima ya kupangusia kioo na kuna watoto wanatetemeka?"

Kesho yake alirudi akanunua nyingine. Wiki haikwisha bila yeye kununua sweta, mpaka wenzangu wakaanza kumwita Baba Watoto. Mahari ilipelekwa kwetu Mwingi, upande wa Kitui, Disemba 1984, na Wanzala alikuwa mmoja wa walioipeleka. Alikula kwa mama yangu akaongezwa mara mbili. Nalisema kwa sababu nimesikia juzi kwamba mimi nilikuwa mtu wa kuishi naye tu. Tulijaliwa watoto wawili, Valentine aliyezaliwa mwaka 1986 na Mutinda wa mwaka 1989.

Mwaka 1990 ndugu hawa waligawana. Wanzala alitaka kutengeneza madirisha na milango ya chuma kwa sababu ndivyo vilivyokuwa na wateja. Hakuna ubaya hapo. Lakini siku ya kugawana nilikuwepo, nimembeba Mutinda mgongoni, na nilisikia. Austin alisema, "Kaka, vaisi niachie. Chuma unaweza kukishika kwa njia nyingine. Mimi risasi nitaivuta na nini?"

Wanzala alicheka. "Wewe si una meno, bana. Meno ya Mbukusu hayajawahi kushindwa na kitu."

Watu wote kibandani walicheka. Austin pia alicheka. Vaisi ikapakiwa kwenye mkokoteni, ikaenda.

Tulihamia Kawangware 46. Nyuma ya chumba chetu palikuwa na kishamba ambacho mwenye ploti alituruhusu kutumia. Mimi nilipanda kunde na sukuma wiki upande mmoja, na yeye akajenga karakana yake ya mabati upande wa pili. Jua la saa nne lilipopita kwenye kioo kilichosimamishwa, sukuma zangu zilikuwa nyekundu na buluu, na majirani walikuja kununua mboga wakakaa kutazama. Hapo alitengeneza dirisha la Familia Takatifu la kanisa dogo la Riruta Satellite. Kioo cha kahawia cha joho la Yusufu hakikupatikana mjini kote. Aliokota chupa za bia nyuma ya baa, akazivunja, akalainisha vipande kwa moto wa makaa ndani ya pipa mpaka vikalala. Katekista alilisifu lile joho, akauliza kioo kimeagizwa wapi.

"Kimetoka baa ya hapo kona," Austin akamjibu.

Katekista alitazama huku na huku. "Usimwambie padri," akasema, "mpaka akishabariki."

Huyo ndiye Austin. Hakujua kudanganya hata kidogo.

Na kila asubuhi, miaka hiyo yote, kwa kuwa vaisi nyingine hatukuweza kununua, alibana tepe za risasi kwa meno ya nyuma akizivuta kwa koleo. Mikono ikiwa imejaa kioo, alishikilia tepe nyingine mdomoni kama fundi nguo anavyoshikilia pini. Watoto walimwona. Wateja walimwona. Wanzala alipotutembelea sikukuu alimwona, akasema, "Nilikwambia!" Sote tulicheka. Hakuna aliyejua.

Ugonjwa ulianza mwaka 1996. Tumbo lilimkaza hata akajikunja chini kwenye kunde. Alipauka, akakonda, akaanza kusahau majina. Mwaka uliofuata vifundo vya mikono viliregea, viganja vikaning'inia. Kikata kioo kilimponyoka, na akakaa akikitazama pale chini kama kitu cha mtu mwingine.

Nanyi ndugu zake mlifanya nini? Mlisema ni ule ugonjwa usiotajwa kwa jina. Hamkusema kwa sauti, mlisema kwa vikombe: chake mlikitenga. Mourine, dada yake wa tumbo moja, alileta uji akauacha mlangoni, akaongea naye akiwa amesimama nje. Sisemi haya kwa sababu ugonjwa ule ni aibu. Hata angekuwa nao, mgonjwa hushikwa mkono. Mtu mwenye ugonjwa ule pia anasikia kiu.

Kisha Februari mwaka huu Mourine aliingia ndani mara moja. Austin alikuwa akipiga miayo, naye akaona ufizi. Kulikuwa na mstari wa buluu iliyokolea, umefuata mizizi ya meno kama uliochorwa kwa kalamu. Alitoka nje akapiga kelele mpaka ploti nzima ikasimama.

"Amelishwa! Ndugu yetu amelishwa kitu! Nilisema Mkamba huyu, nilisema! Mama Vale, umempa nini?"

"Nimempa ugali, Mourine. Na ule uji wako, nikishauchukua mlangoni."

"Kitui wote mnajuana na hizo dawa!"

Tangu siku hiyo mimi ni mchawi. Wanangu wameulizwa njiani kama wanakula chakula changu. Na ndiyo sababu Austin yuko hapa Lang'ata na si kando ya baba yake: ukoo ulisema haingii Kimilili mpaka aliyemlisha ajulikane.

Nilimpeleka hospitali ya serikali mwanzoni mwa Aprili, tukapata daktari msichana. Alimfunua mdomo, akamulika tochi, akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuuliza katika miaka miwili: "Huyu mzee anafanya kazi gani?" Nikamweleza. Akauliza risasi anaishika vipi. Nikamwonyesha kwa meno yangu mwenyewe, nikiuma upindo wa leso. Akaweka tochi chini.

Alisema risasi imeingia damuni kidogo kidogo, imeharibu tumbo, mishipa ya mikono na akili. Alisema mstari ule wa buluu ndio alama yake. Alisema pia kwamba tumechelewa.

Wanzala alikuja jioni. Nilimweleza yote pale kwenye benchi la wadi.

"Madaktari wa siku hizi wanasema chochote, shemeji," akasema. "Mimi nimeshika risasi zaidi ya miaka kumi na sita na niko mzima."

"Ulishika kwa vaisi," nikamwambia.

Alinyanyuka akaenda kununua soda. Hakurudi.

Wiki chache baadaye Austin alishikwa na degedege usiku, akaaga dunia Jumanne tarehe 28 Aprili 1998 akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Sasa Wanzala, uko pale, umevaa koti, nikutazame nikisema. Mimi sisemi ulimuua kaka yako mdogo. Ulifanya mzaha, na hata mimi niliucheka. Hukujua. Lakini tangu lile benchi unajua. Unajua, na bado umeita ukoo ukae kunihukumu. Unajua, na bado umeandika "hali isiyoeleweka". Nimefanywa mchawi na mtu aliyesikia kila kitu nilichosikia mimi. Ukitaka kukaa kikao leo jioni, waambie wazee ulichoambiwa hospitalini. Waambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi chai nitapika, na atakayeogopa kuinywa aende na njaa yake.

Marehemu ameacha mjane, Nthenya. Watoto, Valentine na Mutinda. Mama yake, Lenah. Kaka yake, Wanzala. Na dada yake, Mourine. Nimewaandika wote, kwa sababu wote ni wake. Katika karatasi yao mimi na wanangu hatukuwemo.

Mungu ampe Austin pumziko lisilo na maumivu. Hawa wengine nitazungumza nao mwenyewe.